Lubumbashi mpaka Guangzhou: kilomita ngapi, masaa mangapi, na nipite wapi?

Mama Valizi (Ruashi)

Jambo yenu wote. Mimi nauza viatu na mikoba soko la Mzee Kabila. Miaka yote nanunua kwa wenzangu wanaotoka Guangzhou, na kila mwaka wanapandisha bei wakisema njia ni ndefu. Mwaka huu nimeamua kwenda kuiona hiyo njia mwenyewe, mwezi wa kumi, wakati wa yale maonyesho makubwa ya biashara. Ndege nimepanda ya Kinshasa tu, mara mbili, na mara zote mbili nilifumba macho.

Nimepita ajansi nne. Mmoja anasema Addis, wa pili anasema Nairobi. Wa tatu anataka nichukue basi mpaka Lusaka, halafu ndege ya Dubai. Wa nne, kijana mmoja mwenye tai, anasema nipande kwanza Kinshasa, halafu Istanbul, "ni laini kabisa mama". Bei sitaziandika hapa kwa sababu kila nikirudi zimebadilika. Linalonichanganya ni masaa. Mmoja kanambia 11, mwingine 19, mwingine 25, na wote wanazungumzia mji ule ule! Umbali wenyewe ni kilomita ngapi? Goti langu la kushoto si zima, na binti yangu atanishikia meza kwa siku 12 tu.

Kamba na Tufe (Likasi)

Mama, hesabu ni kazi yangu, nafundisha jiografia. Chukua tufe la darasani na kamba. Shika ncha moja Lubumbashi, nyingine Guangzhou, ivute ikaze. Hiyo ndiyo njia fupi kuliko zote, na inatoka kama kilomita 10,100. Dunia nzima kuizunguka ni kama 40,000, kwa hiyo unakwenda robo ya dunia, na kidogo juu yake.

Wanafunzi wangu hupenda kuangalia kamba inapita wapi. Inaikata Tanzania, inatokea baharini juu ya kisiwa cha Unguja chenyewe, inavuka Bahari ya Hindi, inaingia India kusini na kutoka karibu kabisa na Chennai, halafu Burma, kaskazini ya Vietnam, umefika. Unguja! Kiswahili tunachoandika hapa kilikuja Katanga na misafara iliyotoka upande ule ule, wakitembea kwa miguu miezi na miezi. Ndege ingefika juu ya Unguja kabla hujamaliza chakula.

Basi yale masaa 11 yametoka hapa: kilomita 10,100 ukigawa kwa mwendo wa kama kilomita 900 kwa saa. Lakini hakuna ndege inayotoka Luano, uwanja wetu wa Lubumbashi, mpaka Guangzhou bila kutua. Huyo wa ajansi alikuuzia kamba.

Yaya wa Kamalondo

Nimecheka peke yangu hapa. Mama, aliyesema 19 na aliyesema 25 wanakuuzia ndege moja. Nitakuonyesha.

Mimi nimekwenda mara sita, mara zote kwa Addis. Mara ya mwisho niliondoka Luano 14:00. Tiketi ilionyesha nafika Guangzhou kesho yake 15:00. Ukihesabu kwa vidole, saa nane mchana mpaka saa tisa ya kesho ni masaa 25. Lakini Guangzhou wako mbele yetu masaa 6. Wao wakiwa saa tisa mchana, Ruashi ni saa tatu asubuhi. Toa 6 kwenye 25, zinabaki 19. Huyo wa 25 hakutoa tu. Ukimpigia binti yako simu kutoka kule usiku, kumbuka yeye bado yuko sokoni anauza.

Kwenye hayo 19, angani unakaa kama 14. Luano mpaka Addis ni karibu masaa manne, Addis mpaka Guangzhou kama kumi. Yaliyobaki ni Addis, umekaa unangoja. Na angalia vizuri, kuna siku ndege ya Luano inagusa mji mwingine kwanza kabla ya Addis, hapo ongeza. Mwambie wa ajansi akuonyeshe kwa kidole kila mahali itakapotua.

Addis yenyewe usiku ni kama soko. Ndege za Asia zinaondoka karibu wakati mmoja zote, kwa hiyo kuanzia saa nne usiku ukumbi unajaa: watu wa Lomé, wa Ndola, wa Bamako, wamama wenye vitenge wamekaa chini wamenyoosha miguu, viatu wamevua, begi la mkononi limefungwa kamba mguuni ili asichukue mtu. Harufu ya kahawa kila kona. Foleni ya ukaguzi wa pili ni ndefu na watavua hata mkanda. Kwa goti lako, tafuta kiti karibu na mlango wenu mapema, usizunguke maduka.

Na baridi! Addis iko juu, zaidi ya mita 2,300. Usiweke sweta kwenye valizi kubwa.

Papa Katuba

Nianze kwa kusema: nikiandika Kenya hapa namaanisha nchi, si komine (mtaa) yetu ya Kenya hapa Lubumbashi. Kuna mtu humu aliwahi kuniuliza kwa nini nipande ndege kwenda Kenya wakati teksi zipo.

Mimi nilipitia Nairobi kwa sababu niliangalia ramani nikaona ndiyo iliyonyooka. Na kweli imenyooka, mwalimu wa Likasi atanisahihisha.

Kamba na Tufe (Likasi)

Ni kweli. Kwa Nairobi jumla ni kama 10,220, yaani umepinda kilomita 120 tu kutoka kwenye kamba. Kwa Addis ni kama 10,640.

Papa Katuba

Aksanti. Sasa sikilizeni ramani ilivyonifanya. Kufika Nairobi masaa mawili na nusu, safi. Pale nikasubiri masaa 15. Kumi na tano! Halafu kama 11 angani. Jumla 28 na nusu. Nilipunguza kilomita 400, nikaongeza masaa tisa na nusu. Shemeji yangu aliyepitia Addis wiki ile ile alikuwa ameshaoga, amelala, ameamka, ananipigia picha za chakula.

Si kosa la Nairobi. Siku zile ndege ya kwenda Guangzhou haikuwa kila siku, na mimi nilichagua siku mbaya. Kuna watu wamepita pale kwa kusubiri masaa matatu. Kwa hiyo mama, usiulize "Nairobi au Addis". Uliza "tarehe yangu, nasubiri wapi, kwa muda gani".

Shoferi wa Kasumbalesa

Niseme ya Lusaka, hiyo barabara ni nyumba yangu.

Lubumbashi mpaka Kasumbalesa ni kama kilomita 90. Hiyo si shida. Shida ni mpaka wenyewe. Kamio (malori) za shaba zinasimama mstari ambao siku nyingine mwisho wake huuoni. Abiria wa miguu anapita pembeni, hasubiri kamio, lakini basi lako linaweza kusubiri. Nimeona mpaka umevukwa kwa dakika 40, nimeona umevukwa kwa nusu siku. Ukichelewa jioni ukakwama, unalala pale, na pale si pa kulala mama mwenye fedha za biashara.

Ukishavuka unakwenda Chililabombwe, Chingola, Kitwe, Ndola, Kapiri Mposhi, Kabwe, ndiyo Lusaka. Jumla ni zaidi ya kilomita 500 na ni siku nzima. Wageni wanashtuka kwamba Zambia wanaendesha kushoto, abiria wa mbele anafikiri shoferi amelewa.

Halafu ndiyo upande ndege ya Dubai. Kwa hiyo umetoka Ruashi alfajiri ya Jumatatu, ndege yako iwe ya Jumanne ili usikimbizane nayo, umelala hoteli Lusaka. Kwangu mimi hiyo ni siku mbili na nusu mpaka Guangzhou, na goti lako litakuwa limekaa kwenye kiti cha basi.

Ila nina neno la kuwatetea wa barabara: kama mtu anataka kuruka nje ya Luano, Ndola iko karibu zaidi kuliko Lusaka. Wana uwanja mpya wa Simon Mwansa Kapwepwe, umefunguliwa 2021, na ndege za Addis zinatua pale. Napeleka watu huko wakipata bei nzuri kuliko ya hapa. Wakati mwingine tofauti ni kubwa. Ila toa hapo nauli, toa mpaka, toa chakula, ndipo uniambie kilichobaki.

Yaya wa Kamalondo

@Shoferi umesahau kurudi. Kwenda mtu ana begi moja tupu. Kurudi ana valizi mbili za kilo 23 na mfuko wa pembeni. Kasumbalesa na mizigo ile, kwa duwani (forodha) mara mbili, upande wa Zambia na upande wetu? Sithubutu.

Shoferi wa Kasumbalesa

Hapo nimenyamaza.

Kijana wa Golf

Swali la mtu asiyejua: kwa nini hakuna ndege moja kwa moja? Wachina wamejaa Lubumbashi na Kolwezi, migodi yote ile. Au uwanja wetu hauwezi?

Kamba na Tufe (Likasi)

Ndege za siku hizi kilomita 10,100 si kitu kwao, zipo zinazovuka 15,000 bila kutua. Uwanja una neno lake: Luano iko mita 1,300 juu ya bahari, na hewa ya juu ni nyepesi, kwa hiyo ndege nzito yenye mafuta ya masaa 11 inahitaji kukimbia zaidi kabla ya kupaa, hasa mwezi wa tisa na wa kumi joto likikaza. Mfano mzuri ni Addis yenyewe. Ndege yao ya kwenda Washington hutua njiani kunywa mafuta, lakini ya kurudi inakuja moja kwa moja. Njia ni ile ile. Addis iko juu mno kupaa na matanki yaliyojaa pamoja na watu wote.

Lakini jibu kubwa ni viti. Ndege kubwa ina viti 300 hivi. Nani atavijaza Lubumbashi kila Jumanne na kila Ijumaa, kwenda na kurudi? Addis inaokota 20 Lubumbashi, 30 Ndola, 40 Lomé, inawamwaga kwenye ndege moja. Ule msongamano wa usiku aliousema Yaya ndio unaotufanya tufike.

Na nimalizie ya yule kijana mwenye tai. Lubumbashi mpaka Kinshasa kama 1,550, tena kuelekea magharibi, kisogo kwa Uchina. Kinshasa mpaka Istanbul 5,250. Istanbul mpaka Guangzhou 7,880. Jumla kama 14,700, karibu mara moja na nusu ya kamba. Wa Johannesburg nao, kama mtu atakutajia: unashuka kusini 1,600 halafu unapanda tena, jumla kama 12,300. Kwa mtu mwenye shughuli Johannesburg, sawa. Kwa mama mwenye goti, hapana.

Kijana wa Golf

Mwenye tai atakuwa anapata kamisheni huko Istanbul.

Mtu wa Nguba (Bukavu)

Ninyi wa Lubumbashi mnabishana njia tano, sisi tuna moja. Tangu viwanja vya ndege vya Goma na Kavumu vifungwe mwanzoni mwa 2025, tunavuka mto Rusizi, basi mpaka Kigali, ndipo tunaanza kusema habari za ndege. Kutoka Kigali kamba ni fupi kuliko yenu, kama 9,400. Haitusaidii kitu, siku nzima imeishia barabarani.

Nimekuja kusema jambo moja tu, tarehe. Mama yangu mdogo aliwahi kukosa ndege akiwa ameshafunga mizigo tangu juzi. Tiketi iliandikwa 00:25 tarehe 15. Yeye kwa akili ya kawaida akasema: tarehe 15 usiku. Tukamsindikiza tarehe 15 jioni, amevaa kitenge kipya, na keki tumekata. Dada wa kaunta akaangalia karatasi akasema, "Mama, ndege yako iliondoka jana usiku." Ilikuwa usiku wa kuamkia tarehe 15. Alikaa chini palepale kwenye valizi, hakulia, alisema tu "nani aliweka saa sita usiku kuwa mwanzo wa siku?"

Na kweli, nani? Kwetu saa za mchana zinaanza kuhesabiwa jua likichomoza. Chochote kilichoandikwa 00 au 01 kwenye tiketi, andika pembeni kwa kalamu: "uwanjani tarehe ya nyuma yake".

Yaya wa Kamalondo

Pole kwa mama mdogo. Hapo umenikumbusha: Waethiopia nao wanahesabu saa kama Waswahili, asubuhi ikianza saa moja. Mhudumu wa hoteli aliniambia kwa Kiingereza "basi linaondoka saa mbili", mimi nikafikiri anasema saa ya kizungu, kumbe ni saa mbili yetu ya asubuhi. Alikuja kunigongea mimi bado nina shuka usoni. Lakini tiketi na vioo vya uwanjani vinatumia saa ya kizungu, hapo hakuna mchezo. Na Addis wako mbele yetu saa moja.

Hoteli hiyo nilipewa bila kulipa kwa sababu nilikuwa nasubiri zaidi ya masaa nane na hakukuwa na ndege ya mapema zaidi. Inaulizwa wakati wa kununua tiketi, si ukishafika pale umechoka.

Mama Valizi (Ruashi)

Eh! Sikujua nimeuliza jambo kubwa hivi. Mwalimu, Yaya, Papa, mubarikiwe. Lusaka nimeifuta. Mwenye tai nimemfuta. Kati ya Addis na Nairobi nitarudi na tarehe mkononi kama Papa Katuba alivyosema. Swali la goti bado. Masaa kumi kwenye kiti kimoja, nitasimama kweli?

Papa Katuba

Omba kiti cha njiani, si cha dirishani. Dirishani utaona mawingu na giza, halafu utawaruka watu wawili kila ukitaka kunyoosha mguu. Inuka kila baada ya masaa mawili, tembea mpaka nyuma wanakoweka maji, rudi.

Na usione haya kuomba kiti cha magurudumu. Hakilipiwi. Ajansi anakiandika kwenye tiketi, wakijua angalau masaa 48 kabla ni vizuri. Mke wangu alikataa mara ya kwanza akisema yeye si mgonjwa. Alipoona walio kwenye vile viti wanapitishwa mbele ya foleni nzima, mara ya pili aliomba mwenyewe.

Yaya wa Kamalondo

Na tiketi iwe moja, mama. Kuna ajansi wanakuunganishia tiketi mbili za mashirika tofauti kwa sababu ni rahisi. Mimi ilinipata mwaka mmoja na shirika ambalo silitaji: ndege ya kwanza ilichelewa masaa matatu, ya pili ikaondoka, na kila mmoja akasema si shauri lake. Nililipa upya. Tiketi ikiwa moja kutoka Luano mpaka mwisho, wakichelewa ni wao wa kukutafutia nyingine, na valizi inakwenda yenyewe mpaka Guangzhou.

Kadi ya homa ya manjano weka pamoja na pasipoti. Fedha ya Go-Pass, ile kodi ya uwanja wa ndege, uwe nayo pembeni kama haimo kwenye tiketi. Mara yangu ya mwisho nililipa dola 50. Betri za simu za kuongezea chaji zinakaa begi la mkononi, kamwe si valizi ya chini. Na hoteli ishike sasa hivi: wakati wa maonyesho bei ya vyumba inapanda, na maonyesho yenyewe yana awamu tatu. Viatu na mikoba havikai awamu moja na mashine. Ukifika wiki ya mashine utatazama matrekta.

Shoferi wa Kasumbalesa

Mizigo mikubwa usiilipie kilo za ndege. Itupe kwenye kontena mpaka Dar es Salaam, ndipo ije kwangu kwa barabara. Itakukuta umeshasahau uliagiza nini, lakini itafika.

Mama Valizi (Ruashi)

Nimerudi. Nairobi kwa tarehe zangu ni kusubiri masaa 13. Addis ni kusubiri masaa matano, tiketi moja, kiti cha magurudumu kimeandikwa. Nimelipa Addis, masaa 19 na kidogo. Ndege ya usiku nimeiandika kwa kalamu nyekundu kama alivyosema mtu wa Bukavu.

Jambo moja tu. Kwenye karatasi wameandika FBM, ADD, CAN. Binti yangu ameisoma, tangu asubuhi anasema wameniuzia Canada. Nimempigia wa ajansi hapokei. Moyo unanienda mbio.

Yaya wa Kamalondo

Mama, tulia. CAN ni Canton, jina walilokuwa wanaliita wazungu mji ule ule wa Guangzhou. FBM ni sisi, ADD ni Addis. Siku ya safari, dada wa kaunta akifunga ile karatasi kwenye mkono wa valizi, isome mwenyewe kabla haijaondoka: ikiandikwa CAN, iache iende. Ikiwa imeishia ADD, usiondoke pale kaunta.

Na nikuagize? Viatu vyeusi vya kisigino kifupi, namba 39.